Mlezi Wako wa Wodini Anastahili Tuzo: Namna ya Kuandika Pendekezo Likasomeka

Kila mwaka Machi ikikaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Kaka, nataka kumpendekeza daktari aliyenilea, naanzia wapi?" "Niliandika kurasa tatu nzima, mbona hakupita?" "Hivi muuguzi anaweza kupewa tuzo ya kufundisha madaktari?" Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya mafunzo ya hospitali moja hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kusoma barua za namna hiyo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja usiku. Majibu yote nimeyaweka hapa.

Hilo la muuguzi nilimalize kabisa: ndiyo, anaweza, isipokuwa masharti ya tuzo yenyewe yawe yamemfungia nje. Na kwa uzoefu wangu, nusu ya madaktari wa mkoa huu walifundishwa kupokea mtoto na mkunga, si na profesa. Wengi wao hawalisemi hilo hadharani.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Mwalimu anakuonyesha namna ya kushona kidonda. Msimamizi anasaini kwamba umekishona. Mlezi ni yule anayekusimamisha koridoni wiki mbili baadaye akuulize kile kidonda kilipona vipi, na wewe je, unalala? Siku hizi vijana wanamwita "menta". Jina lolote sawa, mradi kazi ni hiyo.

Nadharia ni fupi. Kiapo cha kale cha Hipokrati kilimtaka tabibu amhesabu aliyemfundisha kama mzazi wake. Kiapo cha Geneva cha mwaka 1948 kiliporekebishwa mwaka 2017, heshima na shukrani hiyo ikaelekezwa kwa walimu, kwa wenzako na kwa wanafunzi pia. Kwa hiyo unachotaka kufanya kimo tayari ndani ya kiapo ulichoapa. Tuanze kazi.

Kabla hujaanza, hivi viwe mkononi

- Jina kamili la mlezi kama lilivyo kwenye ajira yake, cheo na idara. Usicheke. Nimewahi kupokea pendekezo la "Dokta Mrefu wa Upasuaji". Kila mtu alimjua, lakini cheti hakiandikwi hivyo.
- Masharti ya tuzo, yaliyoandikwa. Ya kuambiwa hayafai.
- Daftari lako la mafunzo, yaani logibuku. Humo mna tarehe, wodi na saini, na kumbukumbu yako peke yake itakudanganya.
- Namba za simu za watu wanne au watano waliolelewa na mtu huyohuyo, wa miaka tofauti.
- Namba ya mtu mmoja ambaye si mwanafunzi wake: muuguzi kiongozi wa wodi, mtaalamu wa maabara, mfamasia.
- Bando, na hela kidogo ya steshenari.
- Wiki tatu. Siku tatu hazitoshi, na barua za siku tatu tunazijua tukiziona.

Hatua ya 1: Tafuta mlango wa kupitia

Hapa ndipo wengi wanapokwama kwetu, kwa sababu hii. Tuzo nyingi za ulezi katika tiba ni za vyuo vikuu. Fomu yake inauliza cheo cha kitaaluma: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Lakini anayewalea watarajali (madaktari wapya walio kwenye mafunzo kwa vitendo) Kigoma kwa kawaida ni mtumishi wa hospitali. Hana cheo chochote kati ya hivyo. Chuo kinamletea wanafunzi, yeye anawafundisha asubuhi kwenye raundi na usiku kwenye zamu, na fomu ikija pale kwenye cheo anabaki hana cha kujaza.

Usimbunie cheo. Andika alivyo: "Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo." Kisha ipigie simu ofisi ya chuo uulize kama msimamizi wa nje anaruhusiwa. Wakikubali, waombe wakujibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mistari miwili, uiambatanishe.

Wakikataa, milango mingine ipo:

- Mei Mosi. Taasisi nyingi za umma huchagua mfanyakazi hodari. Majina huanza kukusanywa mapema, kwa hiyo ukija na barua Aprili 28 umechelewa.
- Siku ya Wauguzi Duniani, Mei 12, kama mlezi wako ni muuguzi au mkunga.
- Chama cha kitaaluma cha kada yake.
- Barua ya pongezi kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, yenye nakala kwenye jalada lake binafsi. Mlango huu uko wazi mwaka mzima na hauna kamati, ila watu hawaukumbuki. Nitaurudia mwishoni.

Hatua ya 2: Jiulize kama ni mlezi au ni mtu mwema tu

Swali gumu, lakini liulize sasa kabla kamati haijakuuliza. Daktari aliyekuwa anakununulia chai na chapati kila Ijumaa ni mtu mwema. Aliyekuazima nauli ya kwenda msibani Kasulu ni mtu mwema sana. Hiyo peke yake haimfanyi mlezi wa kitaaluma.

Jaribio langu ni hili: taja jambo moja unalolifanya leo kwa mikono yako, ambalo usingelifanya hivyo kama si yeye. Likija haraka kichwani, endelea. Ukikaa dakika kumi ukiwaza na bado unapata tu "alikuwa hana makuu", mwandikie kadi ya shukrani, mpelekee na mafuta ya mawese lita moja, na pendekezo umwachie mwingine.

Hatua ya 3: Kusanya matukio, achana na sifa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiifanya vizuri, zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Chukua daftari la kawaida. Upande wa kushoto andika sifa zinazokujia: mvumilivu, mchapakazi, ana moyo. Upande wa kulia, mbele ya kila sifa, andika siku uliyoiona. Wodi gani, usiku au mchana, nani alikuwepo, alisema nini, alifanya nini na mikono yake. Sifa isiyo na siku, ifute.

Mfano mmoja naukumbuka kutoka kwenye barua niliyoisoma, na mwandishi ameniruhusu niusimulie. Alikuwa mtarajali, wiki ya pili wodi ya watoto. Usiku akaletewa mtoto mwenye malaria kali, kilo 12. Akaandika atesuneti ya sindano kwa kipimo cha miligramu 2.4 kwa kilo, yaani 28.8. Kipimo hicho ni cha wenye kilo 20 na kuendelea. Mtoto aliye chini ya hapo anapewa miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo huyu alitakiwa apate 36. Daktari bingwa alipofika aliliona kosa kabla dawa haijavutwa kwenye bomba. Hakupiga kelele mbele ya mama wa mtoto. Alisema, "Daktari, nipigie hesabu kwa sauti, mimi nazeeka." Kijana akapiga hesabu, akafika kwenye kilo, akanyamaza. Akarekebisha mwenyewe. Asubuhi yake, karatasi yenye vipimo vya watoto ilikuwa imebandikwa kwa plasta juu ya meza ya dawa, imeandikwa kwa mkono, na chini yake jina la yule kijana kama ndiye aliyeiandaa.

Soma tena uone: neno "mvumilivu" halimo. "Mnyenyekevu" halimo. Lakini kamati nzima ilinyamaza, na mwenyekiti akauliza kama ile karatasi bado ipo. Ilikuwepo.

Mfano wa pili ni wa mkunga. Mtoto amezaliwa, halii. Anayefanya kazi hii anaijua ile dakika moja ya dhahabu: asipopumua mwenyewe, ndani ya sekunde 60 tangu azaliwe awe ameanza kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa. Mtarajali ameshika mfuko, mikono inatetemeka. Mkunga mwenye miaka 20 na zaidi kazini yuko nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni. Angeweza kumnyang'anya ule mfuko. Anauliza tu: "Kifua kinainuka?" Hakiinuki. "Basi rudia kichwa." Kijana anaweka kichwa sawa, anabana barakoa upya. "Kifua kinainuka?" Kinainuka. "Haya, twende, pumzi 40 kwa dakika, nahesabu na wewe." Mtoto alilia. Yule kijana, ambaye sasa yuko wilaya nyingine ya mkoa huuhuu, anasema mpaka leo akishika mfuko anasikia lile swali.

Ile mikono iliyofungwa mgongoni kwangu ilitosha kuwa barua nzima.

Onyo: usitafute tukio la kishujaa. Wengi wanadhani lazima pawe na damu na saa nane za usiku. Tukio la mchana, la kawaida kabisa, linaweza kubeba zaidi. Daktari aliyekufundisha kuanza na "Mwakeye", salamu ya Kiha, kwa bibi aliyetoka Buhigwe kabla hujamuuliza maumivu yako wapi, na bibi akafunguka, naye amekulea.

Hatua ya 4: Watafute wenzako

Ushuhuda wako peke yako ni mapenzi. Ushuhuda wa watu watano wasiojuana ni ushahidi.

Usiwatumie ujumbe wa "naomba uandike machache kuhusu dokta wetu". Utarudishiwa wasifu wa marehemu. Waulize maswali yenye meno:

1. Kuna siku gani ulikosea mbele yake? Alifanya nini?
2. Kitu gani alikufundisha ambacho hakikuwa kwenye mtaala?
3. Baada ya wewe kumaliza mafunzo kwake, aliwahi kukutafuta? Kwa ajili gani?
4. Je, wewe sasa unamfundisha mtu kwa namna aliyokufundisha?

Wengi wako zamu na hawapendi kuandika. Waambie wakutumie sauti ya WhatsApp, wewe uiandike, kisha uwarudishie wasome na kukubali kwa maandishi. Usiongeze chumvi. Mtu akisema "alikuwa mkali ila wa haki", andika hivyohivyo. Ukali huo ndio unaofanya mengine yaaminike.

Changanya watu: mtarajali wa kike na wa kiume, tabibu aliyekuja fildi, mwanafunzi wa uuguzi, mtu wa miaka mitano iliyopita na wa mwaka jana. Mlezi anayesifiwa na wanaume peke yao, mimi binafsi hunipa mashaka, na huwa naulizia.

Na mtafute yule aliyeanguka. Kila mwaka yupo aliyerudishwa kwenye kitengo kimoja kwa sababu hakukidhi. Mtoto wa watu ana aibu, hajibu simu. Mtafute taratibu. Kama mlezi wenu alikaa naye chini akamwambia ukweli bila kumvunja, na akarudi akafaulu, ushuhuda wake unauzidi wa wale kumi waliofaulu vizuri. Hao wangefaulu hata wangelelewa na mwembe.

Hatua ya 5: Hesabu kinachohesabika

Fupi tu. Andika ni wangapi aliowasimamia na kwa miaka mingapi, kadiri kumbukumbu za idara zinavyoonyesha. Wangapi wameenda kusoma ubingwa, na wapi: Bugando, Muhimbili, KCMC. Wangapi wanaendesha vituo vya afya Kakonko, Kibondo, Uvinza. Hawa wa mwisho watu huwasahau, wakidhani kamati inataka mabingwa tu.

Kama aliandika makala za utafiti na wanafunzi, angalia mpangilio wa majina. Aliwaweka wanafunzi mbele, au alikuwa wa kwanza kila mara na wao wakaishia kwenye shukrani? Jibu likiwa zuri, liandike. Likiwa baya, heri ulijue mapema.

Namba usiyoweza kuionyesha ilitoka wapi, iache. "Zaidi ya mia" ni neno la harusini.

Hatua ya 6: Andika barua yenyewe

Ukurasa mmoja na nusu. Miwili ikizidi sana. Tunasoma barua zaidi ya ishirini kwa alasiri moja, umeme ukikatika tunaendelea kwa tochi za simu, na ukurasa wa tatu hakuna anayeufikia.

Mpangilio unaofanya kazi:

- Juu: anwani, tarehe, anayeandikiwa, na kama taratibu zinataka, "Kupitia kwa" mkuu wako wa idara.
- Kichwa cha habari: YAH: PENDEKEZO LA TUZO YA ULEZI WA KITAALUMA, kikifuatiwa na jina kamili.
- Aya ya kwanza: wewe ni nani, ulilelewa naye lini na wapi. Sentensi tatu.
- Aya ya pili: tukio lako moja kubwa. Moja. Mengine yapo kwenye shuhuda za wenzako.
- Aya ya tatu: alichobadilisha kwako, kwa vitendo, na wewe umekipeleka wapi.
- Aya ya nne: wenzako, kwa ufupi, pamoja na hesabu.
- Aya ya mwisho: namba yako ya simu na kwamba uko tayari kuulizwa.

Sasa tazama aya hizi mbili. Ya kwanza ni aina ninayoipokea kila mwaka:

"Daktari huyu ni mtu wa kipekee, mwenye bidii, upendo na uzalendo wa hali ya juu. Amekuwa nguzo na taa kwetu sote. Hakika hakuna mfano wake na anastahili kila aina ya pongezi."

Badilisha "daktari" uweke "mwenyekiti wa kijiji", inasomeka vilevile. Hapo ndipo ujue haina kitu. Ya pili:

"Kila Alhamisi saa tisa alasiri alikaa nasi kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume na kutuuliza swali moja: wiki hii ulimdhuru nani, au ulikaribia kumdhuru nani? Alianza yeye. Alhamisi ya kwanza alitusimulia mgonjwa aliyempoteza mwaka wake wa kwanza kazini. Kuanzia siku hiyo sikuwahi tena kuficha kosa kwenye ripoti ya asubuhi. Kituoni kwangu leo tuna benchi kama lile."

Hiyo ina Alhamisi ndani yake, ina benchi. Mtu wa Dar ambaye hajawahi kufika mwisho wa reli anaweza kuiona.

Hatua ya 7: Wafiche wagonjwa

Usiruke hatua hii. Taarifa za afya ni taarifa nyeti, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ondoa jina, namba ya faili, tarehe kamili ya kulazwa.

Lakini mji wetu ni mdogo, na jina siyo kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Ukiandika "mke wa mwenye boti wa Kibirizi aliyejifungua mapacha watatu", umemtaja. Soko zima linamjua. Andika "mama mmoja aliyejifungua kwa shida" utosheke. Tukio linahusu alichofanya mlezi; mgonjwa hakuomba kuwemo.

Picha za wodini usiambatanishe kabisa, hata kama mgonjwa anaonekana mgongo tu.

Hatua ya 8: Mpe mtu wa nje asome

Dada yako anayefundisha sekondari, au jirani wa Mwanga anayeuza vitenge. Mwulize swali moja: "Huyu mtu anafanyaje kazi?" Akikusimulia tukio, umefaulu. Akikwambia "inaonekana ni mtu mzuri", rudi hatua ya 3.

Hatua ya 9: Mwambie, kisha peleka

Watu wanapenda kumshtukiza mlezi. Mimi sishauri. Mwambie mapema, kwa heshima: "Dokta, naomba ruhusa yako nikuandikie pendekezo." Anaweza kuwa na sababu ya kukataa usiyoijua. Pia utahitaji wasifu wake, na huwezi kuupata kwa kuotea.

Onyo kubwa liko hapa. Usimpendekeze mtu ambaye bado anakusainia logibuku. Hata kama nia yako ni safi kama maji ya Tanganyika asubuhi, itasomeka kama hongo, na itamchafua yeye kabla yako. Subiri umalize ile miezi 12 ya utarajali, cheti kitoke, ndipo uandike. Zawadi nayo vilevile.

Ukipeleka kwa mkono, hakikisha jina lako na tarehe vimeingia kwenye daftari la kupokelea barua. Ukipeleka kwa barua pepe, viambatanisho vyote viwe faili moja la PDF, vikipangwa kwa namba. Faili kumi na moja zenye majina ya "skani mpya mwisho kabisa 2" zinachosha.

Siku ya kukabidhi

Akipita, usiiache sherehe iendeshwe na msoma majina peke yake. Omba dakika mbili, usome lile tukio moja kwa sauti. Hakikisha jina kwenye cheti limeandikwa sawasawa. Lisome herufi kwa herufi siku moja kabla, maana nimeona mkunga akipokea cheti cha mtu mwingine huku anatabasamu. Mwite mwenzi wake au mtoto wake. Hao ndio waliokula chakula cha jioni bila yeye miaka yote mliyokuwa mnafundishwa.

Pakikwama

*Mlezi amekataa.* Wazee wetu wengi watakwambia, "Mwanangu, niache, mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Usibishane siku hiyo. Rudi baada ya wiki, mwambie pendekezo linawasaidia watarajali wajao kujua ulezi mzuri unafananaje. Akikataa tena, liheshimu. Ila hiyo methali mimi huwa naijibu kwa kisa. Namjua daktari bingwa mmoja aliyefundisha miaka tisa, akaomba uhamisho akaenda zake. Nilipata nafasi ya kuona jalada lake: barua za likizo, barua ya kuchelewa kuripoti mara moja, basi. Miaka tisa ya watarajali haikuwa imeacha hata karatasi moja. Chanda chema kilikuwepo, pete ndiyo haikuletwa na mtu, na mimi ni mmoja wa ambao hawakuileta.

*Amehamishwa mkoa mwingine.* Haidhuru. Andika alipokulelea na alipo sasa. Nakala ipeleke kwa mwajiri wake wa sasa pia.

*Amefariki.* Uliza kama tuzo inaruhusu. Kama hairuhusu, andika barua ya kumbukumbu kwa idara yake na uwapelekee familia nakala. Wapelekee mwenyewe, usiwatumie.

*Mkuu wa idara anataka aandikwe yeye.* Hutokea zaidi ya unavyodhani. Usigombane naye. Mwambie, "Mkuu, wewe nitakuandikia ya uongozi, hii ni ya waliokaa nasi usiku." Kama "Kupitia kwa" inakwama mezani kwake, muone katibu wa afya umweleze kwamba barua ipo na tarehe ya mwisho inakaribia. Sema tarehe, usiseme malalamiko.

*Wenzako hawajibu.* Wapigie saa moja na nusu jioni, kati ya zamu na zamu. Ujumbe wa mchana unazama chini ya picha za harusi.

*Mlezi ana upande mbaya.* Ukisikia kutoka kwa mtu zaidi ya mmoja kwamba anawadhalilisha wasichana, au anauza saini, simamisha. Wema wake kwako haufuti hayo. Usitie saini yako chini ya jina la mtu kama huyo.

*Hakupita.* Omba sababu kwa upole, hifadhi kila kitu, mwakani badilisha tukio na ongeza shuhuda mbili mpya. Nimeona barua ikipita mara ya tatu.

*Hakuna tuzo yoyote.* Rudi kwenye ule mlango wa mwisho wa hatua ya 1. Barua ileile ya ukurasa mmoja na nusu, badilisha kichwa kiwe YAH: PONGEZI KWA ULEZI WA KITAALUMA, mwandikie mganga mfawidhi, na chini kushoto weka: "Nakala: Jalada binafsi la mtumishi, Katibu wa Afya, Mtumishi mwenyewe." Chapisha nakala nne, zote saini kwa kalamu ya bluu ili isidhaniwe ni kopi. Tatu zipite masjala zigongwe muhuri wa kupokelewa, na usiondoke kabla hujauona ukigongwa. Ya nne mpelekee yeye wodini, baada ya raundi, akiwa amekaa.